Neno Lililomfunga Bibi Kinywa

Namtanguliza Mola, mwenye rehema zisizo ukingo, aliyempa mwanadamu ulimi wa kusemea na moyo wa kupimia kabla ya kusema. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema. Baada ya hayo, enyi wanafunzi wanangu, nawataja watu wa hadithi hii kwa utaratibu wao, mkubwa kwanza na mdogo mwisho, kama ipasavyo watu wanapoketi mahali pamoja.

Wa kwanza ni Bibi. Alikuwa fundi bati. Mumewe alipofariki na kumwachia karakana na mtoto wa kiume anayenyonya, watu walidhani atauza nyundo na koleo arudi kwao. Hakuuza. Alijifunga kibwebwe, akashika mkasi wa bati, akaunda ndoo, makarai, masanduku na mifereji ya kukingia mvua, hata viganja vyake vikawa vigumu kama soli ya kiatu. Wa pili ni Baba, yule mtoto aliyekuwa akinyonya, ambaye kazi hiyo aliipata magotini pa mama yake. Wa tatu ni Mama, mke wa Baba, aliyepaka vyombo rangi na kuviuza dukani upande wa barabarani. Wa nne ni binti yao, mwanafunzi wa darasa la sita, ambaye shule nzima ilimwita Kamusi kwa sababu hakuna neno lililompita. Na wa mwisho ni mdogo wake, aliyeitwa Nyundo, kwanza kwa kichwa chake kikubwa, na pili kwa kuwa hakuna alichokigusa kisipate ufa.

Karakana ilishikana ubavu na nyumba, kati yake mlango mmoja. Nyundo zilipoanza kulia mle ndani, mtu angeweza kukupigia ukelele sikioni na usisikie ila bati. Kwa hiyo watu wa karakana ile walikuwa wakisemezana kwa macho. Kuinua nyusi kulikuwa ndiyo. Kufumba macho kwa nguvu kulikuwa hapana. Na kuitazama kazi, kisha kumtazama mwenye kazi, kulikuwa amri: rudia. Kwa ishara hizo tu Bibi aliweza kuendesha kazi ya kutwa nzima asifungue mdomo.

Lakini mwiko wake ulikuwa mmoja. "Ishara ni za karakana," alizoea kusema. "Ukivuka mlango ule, Mungu kakupa mdomo, utumie. Watu wanaopandishiana nyusi nyumbani, mgeni atasema wanamsengenya." Na kwa kuwa neno la Bibi lilikuwa halirudiwi mara mbili, hakuna aliyethubutu kutumia ishara ndani ya nyumba. Ilikuwa hivyo tangu Baba alipokuwa mtoto.

Mwaka ule, kabla ya mvua kuanza, Bibi alianguka akichota maji ya kutawadhia. Madaktari walisema ni kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi, mdomo ukapinda, ulimi ukafungwa. Aliporudi kutoka hospitali alilazwa katika chumba cha nyuma, kisichofikiwa na kelele za karakana.

Nyumba ile haikumtupa. Mama alimwosha na kumgeuza ubavu asipate vidonda. Baba alimbeba kama alivyobebwa naye. Ila kidogo kidogo, pasipo mtu kukusudia, waliacha kusema naye wakawa wanasema juu yake. "Amelala?" Baba huuliza akiwa amesimama karibu na kitanda. "Hata sijui," Mama hujibu, huku akikunja shuka. "Yuko hivyo hivyo tu."

Kazi ya Kamusi ilikuwa ya asubuhi. Baada ya sala ya alfajiri humwegemeza Bibi kwenye mito, humfunga kitambaa kidevuni, kisha humlisha uji kwa kijiko kidogo, akingoja ameze kwanza kabla ya kumpa kingine, kama muuguzi alivyomfundisha, ili uji usimpalie. Akimaliza humfuta mdomo, huchukua mkoba, na huyo, shule.

Sasa siku moja Mwalimu wa Kiingereza, mtu mrefu ambaye mfuko wa shati lake ulikuwa mweupe daima kwa vumbi la chaki, aliingia darasani na kuuliza swali la ajabu.

"Nani kati yenu amewahi kuona kiti kikiendesha mkutano?"

Darasa lilicheka.

"Mimi nimeona," Mwalimu alisema. "Waingereza humwita mwenyekiti kwa jina la kiti alichokikalia. Maneno ya lugha ile ndivyo yalivyo. Unaliacha neno likiwa kitu, ukigeuka unalikuta limevaa suruali, linatembea. Neno la mkono wamelifanya kibarua. Neno la kichwa wamelifanya mkuu wa shule. Neno la nyota, mchezaji hodari. Na sisi tunayo ya kwetu. Mtu anayeitegemeza nyumba tunasema ni nguzo, sivyo?"

"Mwalimu," aliita msichana aliyeketi dawati moja na Kamusi, ambaye wenzake walimwita Kifutio kwa wingi wa makosa aliyoyafuta daftarini. "Kama mtu huitwa kwa alichokalia, baba yangu anashinda juu ya gogo. Yeye tumwiteje?"

"Mwiteni baba, na mumpe heshima yake," Mwalimu alijibu, naye akicheka. Kisha akawapa kazi. Kila mmoja atafute neno moja la Kiingereza, jina la kitu, ambalo limepata kuwa jina la mtu, na alete na mfano wake. Atakayeleta neno lisilojulikana na wengi ndiye atakayesimama kulieleza mbele ya watu siku ya wazazi.

"Tusijichoshe, jamani," Kifutio alisema walipotoka. "Kamusi yupo. Sisi kazi yetu makofi."

"Nawe uyapige kwa nguvu," Kamusi alimjibu, kidevu juu. Tangu dakika ile hakutaka jambo jingine duniani ila kusimama pale mbele.

Alasiri ile wawili hao walikaa katika chumba cha Bibi, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na utulivu. Bibi alikuwa kitandani, uso umeelekea dari. Kamusi alifunua kamusi yake nene, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, na mara akapiga paja.

"Nimepata! Mboga."

"Mboga ni mtu?" Kifutio alishangaa.

"Kwa Kiingereza, ndiyo. Mgonjwa aliyelala tu, hasemi, hajigeuzi, hajitambui, humwita mboga. Limeandikwa hapa, soma."

"Astaghfirullahi," Kifutio alisema, na papo hapo akacheka, mkono mdomoni. "Waingereza nao!"

"Sasa mfano." Kamusi alisimama, akakohoa kama wazee wa mkutano, akaunyosha mkono kuelekea kitandani. "Mabibi na mabwana! Bibi yangu zamani alikuwa fundi. Sasa Bibi yangu ni mboga."

Kifutio alicheka, kisha akamvuta sketi. "We! Atakusikia."

"Nani, Bibi? Hasikii huyu. Umeona wapi mboga ikasikia?"

Akairudia hotuba yake, akairudia tena kwa sauti kubwa zaidi, mpaka ikamkaa ulimini. Kama angegeuza macho angeuona mkono wa kushoto wa Bibi, ule uliobaki na uhai, umeushika upindo wa shuka na kukunja ngumi. Hakugeuza. Alikuwa akiwaona wazazi wa watu wakimpigia makofi.

Asubuhi iliyofuata alimwegemeza Bibi, akamfunga kitambaa, akapeleka kijiko mdomoni. Midomo haikufunguka. Alijaribu tena, uji ukateremka kidevuni ukalowesha kitambaa. Akamwita Mama.

"Mama yangu, kidogo tu," Mama alimbembeleza mkwewe. "Ufungue kwa ajili yangu mimi."

Hakufungua. Baba alijaribu, mambo yakawa yale yale. Nyundo naye alidai zamu yake. Akakipandisha kijiko juu, akakivumisha kama ndege, akakizungusha kwenye uso wa Bibi. "Ndege haijapata kiwanja," akatangaza, na Baba akamfukuza chumbani.

Siku hiyo ikapita, na ya pili yake, na Bibi akikubali maji kidogo tu. Macho yalianza kuingia ndani. Mashavu yakalegea. Nyumbani hakukuwa na mazungumzo mengine. Jirani alikuja na supu, akarudi nayo.

Zamu ya Kamusi darasani ilifika katikati ya hayo. Alilitaja neno lake, akalieleza, na kwa kuwa hotuba alikuwa ameihifadhi, mfano ukamtoka kama ulivyokuwa. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Neno lipo," alisema taratibu. "Hukukosea, Kamusi. Lakini wenye lugha hiyo wenyewe, wengi siku hizi hulikwepa, na madaktari wao huwakataza wanafunzi wao kulitumia."

"Kwa nini, Mwalimu, na limo kitabuni?"

"Kitabu hukuambia neno limesemwa. Hakikuambii lisemwe. Tazama: aliyeitwa nyota ameongezewa. Aliyeitwa nguzo ameongezewa. Aliyeitwa mboga amepunguziwa, na hayupo wa kumtetea, maana hata ulimi hana. Neno la kitu likimpanda mtu, uliza kwanza limembebesha nini." Kisha akainama kidogo. "Bibi yako anaendeleaje?"

"Hali chakula," Kamusi alisema.

Alipofika nyumbani alimkuta muuguzi, mwanamke mnene mwenye viatu visivyolia, akimpapasa Bibi koo kwa vidole viwili. Kamusi akasimama nyuma ya pazia la mlango.

"Koo linafanya kazi," muuguzi aliwaambia Baba na Mama. "Maji anameza vizuri. Chakula sijui kama hakiwezi au hakitaki. Ila niwaambie wazi, wazee wangu, akienda hivi hatutafika naye mbali. Mnazungumza naye?"

"Tuzungumze naye?" Baba aliuliza. "Hajibu."

"Kutojibu si kutosikia. Kiharusi mara nyingi humfunga mtu ulimi kikamwachia akili yake nzima. Mtoeni humu. Mketisheni penye mwanga na watu, msimwache peke yake, na mseme naye. Huenda hamu ikarudi."

Nyuma ya pazia, Kamusi aliyarudia maneno hayo moyoni. Kikamwachia akili yake nzima. Akakumbuka jinsi alivyounyosha mkono kuelekea kitandani. Alitamani kuingia aseme, lakini miguu ilimwambia ngoja, na alingoja, na kila mlo uliokataliwa ulimwongezea uzito.

Baba aliunda kiti chenye egemeo refu, akakitandika mito, na kesho yake wakambeba Bibi hadi kwenye mlango ule ulioigawa nyumba na karakana. Mama alimpangusa uso, akaketi kando yake. Nyundo alichuchumaa karibu. Kamusi, aliyekuwa ametoka shule, alisimama nyuma ya mwimo wa mlango, kitabu kifuani.

Baba alikuwa na kazi ya mifereji ya paa la shule. Akaanza kugonga. Karakana ikajaa kelele, na katika kelele ile mikono yake ikarudi kwenye mazoea ya maisha yake yote. Alimaliza kuunga vipande viwili, akauinua mfereji, na pasipo kufikiri akageuza shingo, akakinyanyua kidevu kumwelekea mama yake. Ndivyo alivyouliza tangu utoto: ni sawa?

Bibi aliutazama mfereji. Kisha akamtazama mwanawe. Rudia.

Nyundo ya Baba ilianguka sakafuni. Aliugeuza mfereji, akaona kweli ukingo wa chini umekunjwa kombo. Akaokota nyundo, akaufungua ukingo, akaugonga upya, akauinua tena. Bibi akainua nyusi.

"Mama!" Baba alipiga kelele ingawa karakana sasa ilikuwa kimya. "Mama, unanisikia?"

Nyusi zikainuka.

"Tangu lini? Tangu hospitali? Siku zote hizi?"

Nyusi zikainuka tena, na machozi yakamteremka Bibi kwenye shavu lililopinda. Baba akaketi chini juu ya vipande vya bati, akalia kama mtoto. "Na sisi tunapita juu ya kichwa chako kana kwamba hupo! Kwa nini hukutupa ishara, Mama?"

"Alitupa," Mama alisema, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Wallahi alitupa. Mara ngapi nimemwona anainua nyusi kule chumbani? Nikadhani mwanga unamuumiza. Nikawa nafunga dirisha."

Hapo wote walielewa. Ishara zilikuwa za karakana, nao ndani ya nyumba walikuwa wakingojea mdomo. Bibi mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo, na alipouvunja mwiko wake, hakuna aliyemwelewa.

Baba alijifuta uso, akasogea magotini pa mama yake. "Haya, Mama. Sasa tuseme. Una maumivu?"

Macho yakafumbwa. Hapana.

"Uji wangu mbaya?" Mama akadakia.

Hapana. Mama akashusha pumzi.

"Basi kuna mtu humu ndani aliyekukosea?"

Bibi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha nyusi zikainuka, polepole, kana kwamba zimebeba mzigo.

"Ni mimi?" Hapana. "Ni mkweo?" Hapana. Baba akageuka, na jicho lake likamwangukia Nyundo. "Ahaa! Wewe na ndege zako. Njoo hapa!"

"Baba, wallahi ile ndege ilikuwa ya kumfurahisha!" Nyundo alilia, sikio lake likiwa tayari mkononi mwa Baba. "Bibi, mwambie! Mwambie ilikuwa ya kukufurahisha!"

Bibi alifumba macho kwa nguvu, akafumbua, akafumba tena, mpaka Baba akaliachia sikio.

"Basi amebaki Kamusi," Baba alisema, akishangaa mwenyewe. "Mama, ni Kamusi?"

Nyuma ya mwimo, Kamusi alikikumbatia kitabu. Bibi hakuinua nyusi. Hakufumba macho pia. Aliyageuza kutoka kwa mwanawe, akayapeleka ukutani ambako misumeno ilitundikwa, akayaacha huko huko.

"Amechoka," Mama alisema. "Mwache. Kamusi ndiye anayemlisha kila siku, atamkosea nini?"

Njia ilikuwa wazi. Kamusi angeweza kugeuka akaenda zake, na asingeulizwa tena. Lakini alikuwa ameona. Bibi aliyenyang'anywa mkono, mguu na ulimi, akabakiziwa macho tu, sasa alikuwa amemfichia mjukuu aibu yake kwa hayo hayo macho.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Aliyeharibu bati haliingizi chini ya rundo. Hulibeba mwenyewe, huliweka miguuni pa mkuu wa kazi kabla hajaulizwa, na hutamka kwa kinywa chake alichokifanya. Kamusi alikwisha kumwona Baba, mtu mzima mwenye ndevu, akifanya hivyo mbele ya vibarua. Akatoka nyuma ya mwimo. Akaweka kitabu chini, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Ni mimi, Baba. Bibi, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilimwita mboga."

"Umemwitaje?"

"Mboga. Kwa Kiingereza ni mtu aliye mgonjwa hajitambui. Nilikuwa nafanya mazoezi ya shule mbele yake. Nikasema hasikii. Nikacheka. Halafu alipoacha kula nikaanza kuelewa, na muuguzi aliposema akili iko nikajua kabisa. Nikaogopa. Nikanyamaza, nikawaacha mhangaike." Kilio kikamkata maneno. "Na sasa Nyundo amevutwa sikio kwa ajili yangu. Nisamehe, Bibi. Nisameheni wote."

Baba alisimama. Mkono wake ulianza kuinuka, na Bibi akafumba macho kwa nguvu iliyokunja uso wake wote. Mkono ukashuka.

Kisha Bibi akamtazama Kamusi aliyepiga magoti, akafumba macho tena. Hapana.

"Amekataa," Nyundo alinong'ona, kwa sauti iliyosikika na wote.

"Nyamaza, wewe," Mama alisema. Akamsogelea mkwewe, akamshika bega. "Mama, unachokataa ni kumsamehe?"

Hapana.

"Unakataa hayo magoti?"

Nyusi zikainuka juu, juu kabisa, na mkono wa kushoto ukaanza kutambaa pajani, vidole vikitafuta. Kamusi akainuka akaupa mkono wake. Kiganja kile kigumu kikafumba juu ya vidole vyake, na kikakaza.

Mama akaleta uji. Kamusi akakishika kijiko, lakini safari hii hakukipeleka moja kwa moja mdomoni kama alivyozoea. "Bibi," akauliza, "nikupe?" Ndipo alipogundua kuwa hajawahi kuuliza swali hilo. Nyusi zikainuka, midomo ikafunguka. Akala nusu ya bakuli, taratibu, akimeza kwanza kila kijiko.

"Alhamdulillahi, kiwanja kimefunguliwa," Nyundo alisema akijisugua sikio, na kwa mara ya kwanza tangu kuanguka kwake, kifua cha Bibi kikatikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

Jioni, baada ya sala ya magharibi, Baba alimwita binti yake kwenye kizingiti cha karakana, akamkalisha kando yake.

"Mwanangu, sikia. Kosa hili umelisema wewe, lakini tumelitenda sote. Wewe ulimwita kitu kwa ulimi. Sisi tulimfanya kitu kwa matendo, tukamgeuza, tukamfuta, tukamfungia dirisha, wala hatukumwuliza. Neno baya haliingii nyumba isiyokwisha kulitengenezea mlango. Kwa hiyo sitakuadhibu peke yako. Ila kunyamaza kwako ulipokwisha kujua, hilo ni lako mwenyewe. Mgonjwa hujeruhiwa na neno siku moja, na ukimya wa aliyelisema humjeruhi kila siku. Umefanya vyema kulileta kosa mbele kabla hujaitwa. Aibu uliyoipata leo itapoa. Ungelificha, Bibi angekufa nalo, nawe ungelibeba uzee wako wote. Kesho nenda kamwambie Mwalimu na wenzako, kama walicheka, nao wajue walimcheka nani. Na elimu yako usiiache. Isome zaidi. Lakini ukijifunza neno la kumwita mtu, kwanza mtazame mtu."

Maneno ya baba huyo na yafungwe hapa katika ubeti mmoja, yapate kuhifadhika:

Asiyesema si jiwe, usimpite kwa mbali,
Mwulize nawe ujuwe, ukimya una kauli,
Kabla hujanena wewe, pima neno kwa akili,
Asije mtu atiwe jeraha la neno kali.

Kamusi alikwenda akasema, mbele ya darasa. Hakuna aliyecheka. Kifutio alisimama naye akasema, "Na mimi nilikuwepo, nikacheka," akaketi. Siku ya wazazi aliyechaguliwa kusema alikuwa mtoto mwingine aliyeleta neno la daraja, mtu anayewapatanisha waliotengana, na Kamusi alimpigia makofi kwa dhati, bila kinyongo.

Bibi hakurudi kusema. Lakini alirudi kazini. Kila asubuhi kiti chake kiliwekwa kwenye mlango ule, na wateja walioleta oda walifundishwa na Nyundo, kwa mikogo mingi, jinsi ya kumwuliza: "Usimwulize Baba bei ya karai. Mkuu yule pale. Mtazame machoni, useme bei yako, halafu ungoje." Na wengi waliongoja walijibiwa. Mama alilifungua dirisha la chumba cha nyuma, halikufungwa tena ila kwa mvua. Muuguzi alipowatembelea alikuta kiharusi kimebaki kiharusi, lakini vidonda hakuna, na mwili umejaa.

Aliishi nao hivyo mwaka mzima na ziada. Kisha, alfajiri moja, Kamusi alikwenda na kijiko na kitambaa akamkuta ametulia, mkono wa kushoto uko juu ya kifua, amekwisha kuitika wito asioweza mtu kuukataa. Baba aliyafumba yale macho kwa kidole chake, akakaa hapo muda mrefu, asitake kuondoka.

Ewe Mola, mpokee aliyetangulia kwa upole mkubwa kuliko ule tuliompa sisi wanadamu, na umpanulie mahali pake. Na hawa waliobaki, mwana na mkewe, binti aliyekiri kosa lake na mdogo wake mwenye mdomo mwepesi, wabariki katika kazi za mikono yao na waweke pamoja. Watunze wagonjwa wote waliolazwa katika vyumba vya nyuma, uwape watu wa kuwauliza. Na watoto wanaosoma maneno haya, wape ulimi wa kweli na moyo wa huruma, leo na watakapokuwa wazee. Amina.